Mchanga wa Kumlazia Baba

Baba yangu alilala juu ya mchanga miaka mingi, na mgongo wake ukabaki mzima. Alipolazwa juu ya godoro hakumaliza mwaka. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu watu wa kanisa letu wana namna yao ya kumsimulia, na katika masimulizi yao godoro halitajwi. Wanasema tu kwamba alikuwa mtu aliyeridhika. Mimi ni binti wa nyumba ile, mchanga ule niliubeba kichwani mwangu, na nina yangu ya kusema.

Kwetu ni Nuu, upande ambao mto huwa ni jina tu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji hupita kwa kelele siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga mweupe, mpana, na anayetaka maji huchimba shimo na kukaa kando yake akingoja yajikusanye chini. Tulikua tukingoja hivyo. Mtu asiyejua kungoja hakuweza kuishi kwetu, na mimi, mwenye hasira za karibu, niliishi kwa shida.

Baba alikuwa mtu wa nyuki. Alichonga mizinga ya magogo, akaipandisha mitini kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, nene kama kidole gumba chake. Kabla sijazaliwa alirina asali kwa ajili ya pombe, maana kwetu asali ilikuwa pombe kwanza na chakula baadaye. Hakuna posa iliyopelekwa bila pombe ya asali, wala kikao cha wazee kilichokaa na koo kavu. Kisha akaokoka katika mkutano wa injili, na kanisa letu halikuwa na mzaha na pombe. Aliambiwa asiwauzie tena wapikaji, naye akaacha. Wateja wake wakamcheka, wakasema Yesu amemharibia mizinga. Aliyemnusuru ni mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Mwingi, mtu ambaye babu zake walitoka pwani, aliyechukua asali yake kwa madebe na kuiuza kama dawa ya kifua. Baba alipenda kusema kwamba Wakristo wenzake walimfungia soko na Mwislamu akamfungulia. Alisema kwa kicheko, lakini alisema mara nyingi mno, hadi mama akamwomba apunguze.

Nilikuwa bado shule ya msingi alipoanguka. Tawi alilokanyaga lilikuwa limeliwa na mchwa kwa ndani, na kwa nje lilionekana zima. Ndugu yake mdogo, ambaye sisi tulimwita baba mdogo, alikuwa chini ya mti ameshika ncha ya kamba. Wanaume walimleta nyumbani kwa kitanda, halafu akapelekwa hospitali Kitui, akakaa huko msimu mzima. Tulipanda na tukavuna kidogo tulichovuna bila yeye. Aliporudi, miguu ilikuwa haimjui tena. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu chochote. Ungemwekea kaa la moto asigeuze kichwa. Na alirudi na kidonda matakoni, kidonda cha kulala, ambacho mama alikitibu hadi kikafunga kwa maji ya chumvi na asali ileile ya baba.

Mama aliogopa kidonda kuliko miguu. Miguu ilikuwa imekwenda, hakuna la kufanya, lakini mganga wa hospitalini alikuwa amemwambia wazi kwamba mtu wa namna hii hauawi na mgongo uliovunjika, huuawa na vidonda. Kitanda chetu kilikuwa cha kamba na ngozi ya ng'ombe. Mama akaweka blanketi, akaweka magunia, akaweka nguo zake mwenyewe, na kila alipomgeuza alikuta ngozi imekuwa nyekundu.

Siku moja alikuwa mtoni akingoja maji. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa umechoka kumnyanyua mwanamume, basi akajinyoosha pale mchangani. Alituambia baadaye kwamba mchanga ulimpokea. Palipotokeza mwili wake mchanga ulishuka, palipoingia mchanga ulipanda, na hakukuwa na mahali pamoja palipobeba uzito wote. Alirudi bila maji ya kutosha, na karai limejaa mchanga.

Baba mdogo aligonga mbao nne akatengeneza kitu kama sanduku la chini, refu kama mtu. Mchanga tulichagua ule laini wa katikati ya mto, tukauchekecha kutoa vijiwe na miiba, tukauanika juani juu ya gunia hadi ukawa mkavu na wenye joto. Juu yake ilitandikwa leso moja kuukuu, basi. Asubuhi na jioni ule uliolowa ulitolewa na mpya ukatiwa. Ili utolewe, ilibidi baba ajinyanyue. Hapo ndipo kamba yake ya mizinga ilipata kazi nyingine: mama aliifunga kwenye boriti juu ya kitanda, baba akaishika kwa mikono yake ya kupandia miti, akajivuta hadi mgongo wote ukaning'inia, huku mama akichota chini yake na kumkagua, akimpangusa na kumwaga mchanga mpya. Mimi sikuwepo ndani wakati huo, maana binti hamwoni baba yake hivyo. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kuchekecha na kuanika. Nilikaa nje na karai, nikasikia boriti ikilia na baba akihema.

Na nilimsikia akilaani. Mwaka wa kwanza baba hakuwa mtu wa kuridhika hata kidogo. Alimtukana mchwa, alimtukana daktari, akamtukana baba mdogo aliyekuwa ameshika kamba. Mchungaji alipokuja kuomba, baba alifumba macho na mdomo. Alimwambia mama, "Mimi na Mungu hatusemezani siku hizi. Wewe ongea na yeye ukitaka, mko nyumba moja."

Mama hakubishana naye. Alikuwa na mchanga wa kubadilisha.

Sijui ilibadilika lini. Hakukuwa na mkutano wala ndoto. Naona tu kwamba ilikuja polepole, jinsi maji yanavyojikusanya kwenye shimo la mtoni, huyaoni yakiingia, unatazama tena unakuta yapo. Alianza kwa kuomba asomewe. Nilimsomea mimi, nikirudi shuleni, nimesimama mlangoni penye mwanga. Alipenda sana barua ya yule mtume aliyeandika akiwa amefungwa gerezani, akisema amejifunza kuridhika, akiwa na kitu au akiwa hana. Baba alinisimamisha hapo. "Anasema amejifunza," akasema. "Kumbe hakuzaliwa nayo. Hata yeye alifundishwa." Akacheka peke yake. Baada ya siku nyingi nikamsikia, akiwa amejivuta juu ya kamba na mama chini yake anachota, akisema kwa sauti ya mtu anayejaribu nguo mpya: "Leo nimeridhika." Mama akamjibu, "Haya, jivute kidogo nitoe huku."

Lau ingebaki hivyo, kati ya watu wawili na karai. Lakini baba alisema neno lile mbele ya wazee wa kanisa, nao wakalipenda kupita kiasi.

Wakaanza kuja kila Jumapili baada ya ibada. Waliimba, wakaomba, halafu mmoja akasema, "Mzee, tupe neno." Baba akasema ameridhika. Wakaitikia amina, wakaondoka wameshiba. Wageni kutoka makanisa mengine waliletwa kumwona. Niliwahi kuona mama mmoja, mjane aliyekuwa na watoto wanaokohoa, akiletwa mbele ya kitanda na kuambiwa, "Huyu hana miguu na halalamiki. Wewe una miguu miwili unalia nini?" Yule mama akajifuta uso kwa kitambaa, akasema asante. Baba aligeukia ukuta. Mimi nilikuwa na maji ya chai mkononi na nilitamani kuyamwaga mahali. Walikuwa wamemgeuza baba yangu fimbo ya kuwachapia wengine, na nilichukia jambo hilo wakati ule na nalichukia sasa.

Halafu mvua zikakataa. Kwanza msimu mmoja, tukasema tutavumilia, kisha wa pili. Mbuzi walikufa wamesimama wima wakiwa wameegemea ua. Mashimo ya mtoni yakawa marefu hata mtu akiingia ndani haonekani kichwa. Ulikuwa ule wakati wa mahindi ya manjano ya msaada, yenye harufu ya gunia, na ili uyapate ilibidi mtu wa nyumba aende kuchimba mitaro ya kuzuia maji milimani, maji ambayo hayakuwepo. Nyumbani kwetu mtu wa kwenda alikuwa mama. Baba mdogo alikuwa ameshakwenda Mombasa kutafuta vibarua. Mama aliondoka alfajiri na jembe akarudi jua likizama, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini, na bado akaenda kwa sanduku la mchanga. Siku nyingine alisinzia ameinama na karai mkononi, na baba juu ya kamba akamwita jina lake aamke.

Ni hapo wanawake wa kanisa waliposema watusaidie, na sitasema walikuwa na nia mbaya. Walikuwa na njaa kama sisi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mkubwa wa mwili na wa sauti, alikusanya kutoka kwa kila nyumba, kuku hapa, kikapu cha kiondo pale, vikauzwa, na siku moja wakaja wakiimba, wamebeba godoro la sponji juu ya vichwa vyao. Jipya, bado liko ndani ya nailoni. Nuu nzima ilitoka kutazama. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kukalia godoro la namna ile.

Mwenyekiti aliingia ndani, akaona sanduku, akashika kiuno. "Mama, mtu wa Mungu analalia mchanga kama mbuzi? Hii ni aibu yetu sote."

"Hii mchanga imemtunza," mama akasema.

"Tumeona umejaribu, dada. Sasa pumzika. Bwana amekuona."

Halafu akaiona kamba. Ilikuwa imening'inia juu ya kichwa cha baba, na fundo lake la kushikia lilikuwa la duara kama kitanzi. Uso wa Mwenyekiti ulibadilika. Akamvuta mama pembeni, lakini sauti yake haikujua kunong'ona. "Na hii kamba juu ya mgonjwa ni ya nini? Shetani hawezi kukosa kumtilia mawazo. Itoe leo."

Mama alimtazama baba. Najua alitaka aseme kitu. Angesema yeye, wangesikia, lakini mama akikataa zawadi iliyotoka kwenye matumbo ya watu wenye njaa angeitwa mwenye kiburi, na angekuwa ameitwa sawa. Baba aliangalia godoro, akaangalia wanawake waliojaa mlangoni wakisubiri. Akasema, "Bwana asifiwe. Mimi nimeridhika na lolote."

Wakapiga vigelegele. Mchanga ukatupwa nje ya ua. Kamba ikazungushwa, ikawekwa juu ya ghala.

Nailoni waliiacha, ili godoro lisiharibike kwa mkojo. Walipanga pia zamu: kila siku mwanamke mmoja aje amwoshe baba wakati mama yuko mitaroni. Walikuja kweli, hawakukosa. Walimwosha uso, mikono na miguu, wakamchana nywele, wakamwimbia. Kumgeuza hawakumgeuza. Alikuwa mwanamume na mzee wa kuheshimiwa, na wao walikuwa wake za watu. Jioni mama alirudi amekufa kwa uchovu, akamkuta msafi, shati limepigwa pasi, godoro halina kitu cha kuchota. Alibadilisha nguo ya kiunoni kwa kupapasa chini ya blanketi, kwenye mwanga wa koroboi, akashukuru Mungu, akalala. Mchanga ulikuwa ukimlazimisha amnyanyue na kumtazama. Godoro halikumlazimisha chochote. Hata mimi nilishukuru, maana kichwa changu kilipata nafasi ya kumea nywele mahali karai lilipokuwa limekaa.

Nyumba yetu ilikuwa tulivu miezi hiyo. Baba alisema godoro ni laini sana. Alisema hivyo kwa sehemu ya mgongo iliyobaki na hisi. Jumapili watu walizidi, kwa kuwa njaa iliwaleta wengi waliotaka kuona mtu aliyetosheka. Alikuwa amekonda, lakini nani hakuwa amekonda?

Aliyesema ni yule mfanyabiashara wa Mwingi. Alikuja na lori lililoleta mahindi ya msaada, akashuka kumwona mtu wake wa asali. Alikuwa mzee sasa, na kofia yake nyeupe ilikuwa imejaa vumbi. Ilikuwa mchana, mama hakwenda mitaroni siku hiyo. Mzee yule alivua viatu mlangoni, akaingia, akasalimu, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Akanusa hewa. Halafu akasema, bila kupunguza sauti na bila kupaka sukari, "Mzee wangu, unanuka. Hii si harufu ya jasho. Mama, mgeuzeni huyu mtu."

Tulitoka nje, yeye na mimi. Nikamsikia mama akiliondoa blanketi. Nikasikia nailoni ikibanduka, sauti ya kitu kilichogandamana. Halafu mama akalia. Si kilio cha msiba, maana hicho nakijua. Alikuwa akirudia neno moja tu, "Mwaitu, mwaitu," akimwita mama yake aliyekuwa amekwisha kufa, na mfanyabiashara akashika ukuta na kuanza kuomba kwa lugha ya dini yake.

Vidonda vilikuwa vitatu, na kikubwa kilifika mfupani. Sitaendelea kukieleza.

Mama alilitoa godoro yeye mwenyewe. Alilikokota nje kupita mlangoni, kupita uani, akalitupa palepale mchanga ulipokuwa umetupwa. Kisha akapanda ghalani akaishusha kamba. Mimi nilikuwa nimeshachukua karai, nakimbia kwenda mtoni bila kuambiwa. Niliporudi nilimkuta amekaa chini kando ya kitanda, na baba amelala ubavu juu ya blanketi kavu, uso kwa uso naye.

"Mguu hausikii, najua," mama alikuwa akisema. "Lakini homa? Baridi? Ulikuwa unatetemeka, umeniambia sasa hivi. Kwa nini hukusema?"

"Watu walikuwa wamekuja kutiwa nguvu," baba akasema. "Ningewaambia nini?"

"Mimi sikuja kutiwa nguvu. Mimi ni mke wako."

Baba akalia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata alipoletwa kutoka chini ya mti.

Mganga wa zahanati alikuja akakata na kufunga, akaacha dawa, akamwambia mama maneno ambayo mama hakutuambia. Sanduku likarudi, kamba ikarudi, ingawa mikono ya baba sasa ilimvuta nusu tu na mama akamalizia kwa bega. Na mama akaanzisha utaratibu mpya. Kila jioni, kabla ya sala, alimwambia, "Lalamika kwanza."

Mwanzoni baba alikataa. Alisema ni dhambi. Mama akamwambia yeye si mchungaji, hajui, lakini hatamnyanyua mtu asiyesema panapouma. Basi akaanza. Nikiwa nje nachekecha nilimsikia akitaja: bega, shingo, kichwa kinapigwa nyundo, baridi ya mifupa. Baadaye akataja mengine. Kwamba aliwaonea wivu watu waliokufa popote siku aliyoanguka yeye. Kwamba wimbo fulani wa wale wanawake ulimchosha, na wangemwonea huruma wasiuimbe tena. Kwamba yule mjane aliyekemewa mbele yake alimnyima usingizi. Alilalamika kwa mama na kwa Mungu pamoja, hakuwatenganisha, akasema yote hadi yakaisha. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo na kavu: "Basi. Nimemaliza. Sasa nimeridhika." Kwa mara ya kwanza nililisikia neno lile nikaliamini. Nilikaa pale na chekeche mapajani, machozi yakaingia kwenye mchanga, ikabidi niuanike upya.

Mvua ikanyesha. Watu walitoka nje wakalowa makusudi, kanisani kukawa na ibada ya shukrani, na mto ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Na mchanga wetu ukawa chini ya maji.

Miaka mingine mama alikuwa akijiwekea lundo chini ya ghala kabla ya msimu. Mwaka ule hakuweka, kwa sababu kulikuwa na godoro. Lundo dogo nililokuwa nimebeba likaisha. Tukakwangua mchanga wenye maji kandokando ya mto, tukaukausha jikoni, tukiukaanga kwenye karai juu ya moto wa kuni mbichi, tukikoroga kwa mwiko wa ugali. Moshi ulitupofusha. Kiasi cha kubadilisha mara moja kilichukua karibu mchana kutwa. Sikuzimaliza sala zangu siku zile. Niliomba mvua ikome, mimi mtoto wa Nuu, nikaomba ikome, na sijui ni nani mwingine katika nchi yetu aliyeomba hivyo.

Siku moja, mimi na mama tukiwa jikoni, Mwenyekiti akaingia ameinama, mvua imemlowesha hadi ndani. Hakuwa amekuja tangu godoro litupwe. Alikuwa na karai lake kichwani, limefunikwa na leso. Akaliweka chini, akafunua. Ulikuwa mchanga, umekauka, umechekechwa, bado una joto la moto wake. Alikuwa ameukaanga nyumbani kwake. Mama aliutia mkono ndani hadi kiganja, akaugeuza kuusikiliza kwa vidole.

"Iko sawa?" Mwenyekiti akauliza.

"Iko sawa. Lete kesho tena."

Aliendelea kuleta. Hakuimba. Baba alikufa alasiri moja, mvua ikiwa imepumzika, amegeuziwa uso mlangoni palipokuwa na mwanga. Jana yake jioni alikuwa amelalamika kuhusu bega, na kwamba asingeona kunde zikikomaa, kisha akamaliza kama kawaida yake. Karai la mchanga wa jioni lilikuwa tayari kando ya kitanda.

Mazishini mchungaji alisema vizuri. Alisema hapa amelala mtu ambaye hakulalamika hata siku moja ya maisha yake, na watu wakaitikia amina. Mama aliitwa aseme neno, na kwetu mjane husema machache, anashukuru, anakaa. Alisimama akisaidiwa na baba mdogo, aliyekuwa amerudi kutoka Mombasa kuchimba kaburi.

"Alilalamika," mama akasema. "Alinilalamikia mimi kila jioni, na alimlalamikia Mungu. Alikuwa na maumivu na aliyasema. Halafu alishukuru. Msimzulie uongo kwa kuwa amekufa."

Mchungaji aliangalia kitabu chake. Mjane yule mwenye watoto wa kukohoa, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, ndiye peke yake niliyemwona akiinua kichwa.

Mimi niliolewa upande wa Tawa, ng'ambo huko Makueni, nami nimepata yangu ya kunilaza kitandani. Watu wa kanisa huja kuniona. Wakiniuliza ninaendeleaje, nawaambia kwanza panaponiuma, kwa utaratibu, mpaka nimalize. Wengine hawarudi. Wanaorudi, hao ndio tunaomba nao, na siku nyingine, si zote, nafika pale baba alipokuwa akifika.

Lakini siku ile ya mazishi haikuishia kwenye maneno ya mama. Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye udongo mwekundu uliolowa, na chini palikuwa na mawe yaliyowashinda wachimbaji. Jeneza lilikuwa la mbao nyembamba. Wanaume walipotaka kulishusha, mama aliwaambia wangoje. Akaenda ndani, akatoka na lile karai la jioni, lile ambalo halikutumika. Nyuma yake alitoka Mwenyekiti na karai lake mwenyewe.

Baba mdogo aliingia kaburini, akapokea karai la kwanza, akamwaga mchanga juu ya mawe na kuusawazisha kwa viganja. Akapokea la pili. Ulikuwa mweupe kwenye udongo ule mwekundu. Mama alikuwa amechuchumaa ukingoni, ameshika magoti, akitazama kama alivyokuwa akitazama kila asubuhi na kila jioni.

"Hapo mgongoni ongeza," akasema.

Baba mdogo akakusanya kutoka pembeni, akaongeza. Mama akatazama tena.

"Inatosha," akasema. "Mlazeni."